Fundi wa Diski Aliyempoteza Kanyere

Jina langu ni Kambale Eliezer. Eliezer nilipewa kanisani. Kambale hakuna aliyenichagulia, kwa maana ni jina la mtoto wa kiume wa pili, na kwetu Wanande kila mama mwenye wavulana wawili ana Kambale wake. Simama katikati ya soko la Kimemi uite "Kambale!", watageuka wanaume kumi na mmoja, na kila mmoja atakuuliza unamtakia nini. Wasichana nao ni hivyo hivyo: Masika, Kanyere, Katungu, kila mmoja na zamu yake ya kuzaliwa. Basi tangu utotoni nilitamani kitu cha kunitenga na akina Kambale wengine. Hulda, mke wangu, anasema nilikipata, na ingekuwa heri nisingekipata.

Nilianza kama fundi wa redio, katika kibanda cha mbao hapo Kimemi. Vita vya kwanza vya nchi yetu vilinikuta ninajua kuunga waya kwa risasi ya kuyeyusha. Vita vya pili vilinifanya mashuhuri kidogo, kwa sababu kuna redio moja niliyoitengeneza mara tatu kwa wenyewe watatu tofauti, wala haijawahi kuuzwa hata siku moja. Baadaye nikaenda Kampala kwa mjomba wangu, nikakaa miezi minane nikijifunza kompyuta. Nilirudi Butembo na ndevu, na diski ya mfumo wa kompyuta ule wa bure ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuusoma ndani, na tabia ya kuanza kila sentensi kwa "en principe", yaani kimsingi. Ndevu nilizinyoa mapema. Hiyo tabia ilichukua muda zaidi.

Mwishoni mwa mwaka wa 2002 watu wa Mambasa walikimbia vita, wakapita msituni siku nyingi mpaka Beni. Watoto wengi walipoteana na wazazi wao njiani. Makanisa, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, yakafungua ofisi ya kuwaunganisha. Huko Beni kila mtoto aliandikwa kwenye karatasi yake, yaani fiche, kisha akapelekwa kwa familia ya kumtunza, ama hapo hapo Beni, ama Butembo, ama mbali zaidi kuelekea kusini. Karatasi zikaletwa kwetu Butembo ndani ya makatoni, bila nakala.

Mkuu wa ofisi alikuwa mama Emérence, Mkatoliki, mwalimu wa zamani, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea. Alizipanga karatasi kama mtu yeyote wa kwetu angezipanga: katoni ya akina Masika, katoni ya akina Kanyere, katoni ya akina Kambale, na kuendelea. Mama anayemtafuta mtoto huanza kwa kutaja zamu yake ya kuzaliwa, kwa hiyo mpango ule ulikuwa wa akili. Kosa lilianza siku waliponiita mimi.

Mtu mwema wa ng'ambo alikuwa ametuma kompyuta ya mtumba, kubwa kama sanduku la mahari, yenye diski mbili na kadi ya kuzisimamia. Nieleze kadi hiyo, maana bila hiyo hamtaelewa ujinga wangu. Kadi ni kama karani wa stoo: inapokea maandishi kutoka kwenye kompyuta na kuyaweka mahali pake diskini. Lakini karani huyo hafanyi kitu bila kuamriwa, na anayemwamuru ni programu ndogo iliyo ndani ya mfumo. Wenye Kifaransa wanaiita pilote. Pilote anasema: andika hiki, weka pale, nijibu ukimaliza.

Nikaweka mfumo wangu wa bure, mama Emérence akaanza kuandika karatasi, na kila siku kabla ya saa sita mchana mashine ikaganda. Skrini inabaki pale pale, herufi hazitoki, na mama Emérence anavua miwani na kunitazama.

Umeme wetu ulitoka kwenye groupe, jenereta ya ndugu Jéthro, shemasi wa kanisa letu, ambaye upande wa pili wa ukuta alikuwa na moulin ya kusaga mihogo. Nikagundua kwamba mashine inaganda kila moulin inapoanza. Basi nikaenda kumgombeza shemasi mbele ya wanawake wote waliopanga foleni na mabeseni yao.

"Papa Jéthro, moulin yako inaua mashini ya kanisa!"

"Weye Eliezer," akasema, akipangusa unga usoni, "moulin yangu inasaga mihogo ya bantu. Mashini yako inasaga nini?"

Wanawake, ambao ndio hao bantu, watu wenye mihogo, wakacheka mpaka mabeseni yakatikisika. Nikarudi ofisini nimenuna, nikaapa kwamba nitaonyesha watu wa Butembo mimi ni nani. Nilifungua programu ya pilote, nikaanza kuisoma mstari kwa mstari. Niliisoma majuma matatu. Hulda alinikuta nikiisoma huku nimeshika mwiko, bugali ikiungua.

Ugonjwa niliuona. Pilote aliandikwa na watu wa nchi ambazo umeme hauchoki. Akishatoa amri, anamngoja karani sekunde tano. Moulin ikianza, umeme unalegea, diski inazunguka polepole, na jibu linachelewa. Pilote anadhani karani amekufa. Anaipiga kadi kofi iamke upya, na amri zote zilizokuwa zikisubiri zinapotea, ndipo mashine nzima inaduwaa. Nikabadili sekunde tano kuwa thelathini. Kisha, kwa kuwa mimi si mtu wa kufanya kazi nusu, nikaongeza mistari yangu kumi na miwili: ikitokea kadi imepigwa kofi, pilote azikumbuke amri zilizokuwa zikisubiri na kuzituma tena.

Moulin ikaanza, taa ikafifia, mashine ikapumua kidogo, ikaendelea. Mama Emérence alipiga ishara ya msalaba. Mimi Mprotestanti nusura niipige pia.

Nikaenda kwenye cyber, duka la intaneti, nikaituma mistari yangu kwa Mholanzi mmoja aliyekuwa mtunzaji wa ile pilote duniani kote, mwenye kukubali masahihisho yake. Baada ya siku nne akajibu kwa maneno machache: ahsante, nimeijaribu kwangu, nimeiingiza, jina lako limewekwa. Nikaichapa barua ile nakala tatu. Moja nilibandika kibandani, moja nikampa mchungaji, moja nikatembea nayo. Mchungaji akaisoma wakati wa matangazo, kati ya harusi mbili na mbuzi aliyepotea. Nikaandikisha kibao kipya cha uhandisi: INGÉNIEUR ELIEZER, DISKI ZA DUNIA YOTE. Fundi wa kibao aliniuliza kama dunia yote ina nafasi ya kutosha kwenye ubao ule, nikamwambia aandike kwa herufi ndogo.

"Jina yako iko mu mashini ya bazungu," Hulda akasema, kisha akaleta ile "mais" yake, yaani lakini: "Mais mulango ya jiko ingali inaanguka."

Kama ningeishia hapo, ningekuwa leo mzee mwenye majivuno tu, na wa namna hiyo Butembo ina wengi. Lakini karatasi zilipokwisha kuingizwa zote, nilisimama mbele ya makatoni yale na kuona yanaiaibisha kazi yangu. Chumba kilihitajika kwa magunia ya maharage ya wakimbizi. Nikamwambia mama Emérence ayaondoe.

"Papa Eliezer, uko sûr? Bile bikaratasi njo batoto ya bantu."

"En principe, maman, diski ni mbili. Moya ikikufa, ingine inabakia."

Akakubali kuwaachilia hao watoto wa watu, kwa sababu nilikuwa ingénieur. Karatasi zikachukuliwa na wanawake wanaouza mikate ya mafuta sokoni, wakazifanya vifungio. Nilinunua mikate miwili siku hiyo, nikala, nikajipangusa vidole kwa karatasi ile ile bila hata kuisoma.

Mwezi wa tano akaja Godelive. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka kama thelathini. Mume wake alikuwa na duka Mambasa, na aliuawa huko. Yeye alitoka msituni akiwa mgonjwa, akabebwa mpaka Butembo, akalala hospitali miezi. Binti yake wa miaka tisa, Kanyere Bénite, alimponyoka mkononi siku watu waliposukumana kwenye kivuko, ukiwa umebaki mwendo wa siku moja tu kufika Beni. Alitusimulia akiwa amesimama. Kiti tulimpa, hakukaa.

Nikaandika jina. Mashine ikajibu kabla hajamaliza kujifuta machozi: Kanyere Bénite, binti wa Godelive, wa Mambasa. Yuko Kanyabayonga, nyumbani kwa pasta Ananie. Alama: kovu la moto mkono wa kushoto.

Nilisoma kwa sauti kubwa, ili hata Jéthro upande wa pili asikie. Godelive alishika meza.

"Kovu?" akasema. "Mutoto yangu haiko na kovu."

"Maman, vita inaachaka bikovu. Labda alichomeka mu njia."

"Mu siku ile moya? Mais ni mimi nilimuzala."

Na mimi, Kambale Eliezer, niliyelelewa na mama kama watu wengine, nikamjibu hivi: "Kuzala ni kuzala, maman, lakini fiche ni fiche."

Ningekuwa na uwezo wa kufuta mstari mmoja katika maisha yangu, ningefuta huo. Aliinamisha kichwa. Aliamini mashine kuliko tumbo lake, kwa sababu mtu aliyesimama kando ya mashine alikuwa na kibao. Kanyabayonga wakati huo ilikuwa kwenye mstari wa vita. Huku wanajeshi wa upande wetu, kule wanajeshi wa upande wa Goma, na raia katikati wakivuna viazi kwa haraka. Mama Emérence alimwomba angoje. Hakungoja. Kesho yake asubuhi alipanda gari la mboga la kwenda Lubero, na kutoka hapo alikusudia kwenda kwa miguu.

Mimi nilipita kwa Jéthro kumweleza kwamba mashine yangu imempata mtoto kwa muda mfupi kuliko moulin yake inavyochukua kusaga kibaba. Akasema Mungu asifiwe, na alisema kwa moyo, jambo lililoniudhi kidogo.

Siku mbili baadaye akaingia mwanamke mwingine, Léa, naye wa Mambasa, naye akitafuta Kanyere wake. Jina la ubatizo ni Keren. Nikaandika. Mashine ikajibu: Kanyere Keren, binti wa Léa. Yuko Kanyabayonga, nyumbani kwa pasta Ananie. Alama: kovu la moto mkono wa kushoto.

"Njo ye!" Léa akapiga kelele. "Njo mutoto yangu! Alichomekaka na mafuta ya mikate, alikuwa na miaka mbili!"

Aliruka, akamkumbatia mama Emérence. Mama Emérence hakuruka. Alimtazama Léa, akanitazama mimi, akavua miwani.

"Bakanyere babili," akasema polepole, "kwa pasta moya, na kovu moya. Papa Eliezer, ule mukono wa kuchomeka ni wa nani?"

Nikaziita fiche zote mbili kwenye skrini. Fiche ya kila mtoto ilikuwa na nusu mbili: ya kwanza jina, ya pili mahali alipo na alama zake. Diski iliziandika nusu hizo mbali mbali, za kwanza mahali pake na za pili mahali pake. Nusu ya kwanza ya Bénite ilikuwa yake. Nusu ya pili ilikuwa ya Keren, neno kwa neno.

Niliilaumu diski. Niliilaumu kadi. Nilimlaumu Mholanzi, ambaye hakuwepo kujitetea. Nilikaribia kwenda tena kwa Jéthro. Halafu nikafungua pilote nikasoma, na safari hii haikuchukua majuma matatu, kwa sababu kosa halikuwa katika mistari ya watu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Lilikuwa katika mistari yangu kumi na miwili, wa tisa.

Ni hivi. Kadi ikipigwa kofi wakati amri mbili zinasubiri, mistari yangu ilizituma tena zote mbili, lakini ilishika maandishi ya amri ya kwanza na kuyatuma kwa anwani zote mbili. Barua moja katika bahasha mbili. Barua ya pili ilitupwa. Mholanzi hakuona kosa kwa kuwa kwake hakuna moulin. Nasi hatukuona kwa sababu ya majina yetu. Mama Emérence aliingiza katoni moja baada ya nyingine, kwa hiyo amri mbili zilizosubiri pamoja zilikuwa karibu siku zote za Kanyere na Kanyere, Masika na Masika, wote wa Mambasa, wote wa umri mmoja. Mahali pengine mvulana angepewa alama za bibi kizee na mtu angeshtuka. Kwetu Kanyere alivaa nguo za Kanyere, na zikamtosha.

Nikaiambia mashine initafutie nusu za pili zinazofanana. Ilinipa jozi nne. Watatu kati ya waliofutwa, mama Emérence aliwakumbuka kwa kichwa, familia zao za kuwatunza ziko hapa Butembo, akaenda kuwaona kwa macho yake siku hiyo hiyo. Wa nne ni Bénite, na huyo hakumkumbuka.

Nilikimbia sokoni. Nilipita kwa kila muuza mikate, nikipekua vifungio vilivyobaki, nikiomba hata vilivyokwisha kutupwa chini. Mama mmoja alidhani nina njaa, akanipa mkate bure. Nilipata nusu ya karatasi ya Masika mmoja na kona ya Kambale, imelowa mafuta. Ya Bénite sikuipata. Inawezekana kabisa ndiyo niliyojifutia vidole.

Kibao nilikishusha mwenyewe kwa nyundo. Kisha nikamwandikia Mholanzi kwamba mstari wa tisa ni sumu, autoe leo, kosa ni la mtu aitwaye Kambale Eliezer. Alijibu kwa upole mno, akashukuru, akaingiza sahihisho. Kwa hiyo jina langu liko mle ndani mara mbili, mara ya pili kwa kusahihisha ya kwanza, na mjini hakuna niliyempelekea nakala.

Lakini Godelive alikuwa njiani kwenda vitani kwa maneno yangu. Jéthro alinipa pikipiki yake bila kuniuliza swali, na pia bila kunikumbusha chochote, nikaenda. Nilifika Lubero nikitetemeka kwa baridi, maana ingénieur wa dunia yote hakukumbuka kuchukua koti. Kwenye kizuizi cha kutokea, mwanajeshi mmoja akanisimamisha, akaniuliza ninakokwenda kwa lugha ya jeshi.

"Yo, okei wapi?"

"Ku Kanyabayonga, chef. Kuna mama moya..."

"Kunapigwa kule. Rudia."

Sikurudi, na mbele sikuruhusiwa. Nilikaa Lubero siku tatu, kando ya barabara, nikimenya viazi kwa mama aliyenipa pa kulala, nikitazama kila mwanamke anayekuja kutoka kusini. Walikuja wengi, na magodoro kichwani. Usiniulize nilisali namna gani. Niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa katika vita vyote viwili, kwa sababu vile vingine sikuvianzisha mimi.

Siku ya tatu, baada ya mvua, nikamwona. Alitembea polepole, ameshika mkono wa msichana, na msichana ana kovu kutoka kiwiko mpaka kiganja. Nikawaendea. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yote yalitoroka.

"Huyu hapana wangu," Godelive akasema, kabla sijafungua mdomo. "Nilijua tangu ku mulango. Mais bunduki na masasi ilianza kulia, pasta anakimbia na bantu bake. Ningemuacha?"

"Mama yake iko Butembo," nikasema. "Anaitwa Léa."

Keren akaanza kulia kwa furaha. Godelive alimpangusa uso kwa ncha ya kitenge, akamaliza, kisha akanigeukia.

"Na wangu?"

"Sijue, maman. Mashini haikukosa. Ni mimi. Niliandika vibaya, nikatupisha na bikaratasi. Ni mimi nilimupoteza."

Nilingoja anipige. Alikaa chini, pale pale barabarani kwenye matope, na hakuinuka mpaka mvua nyingine ikaanza.

Léa alipompokea binti yake mlangoni mwa ofisi, kelele zilisikika mpaka kwenye moulin, na Jéthro akaizima. Godelive alisimama kando akiwa amejishika mikono. Sikuweza kutazama huko wala huku. Mama Emérence akasema jambo la pekee lililobaki ni kurudi walikoandikia, Beni, na kutafuta kwa namna ya zamani, kanisa kwa kanisa, wakati wa matangazo. Kisha akaninyooshea kidole.

"Weye njo utatangaza."

Tulikwenda Beni, Godelive na mimi. Jumamosi tulianza na Waadventista. Nilisimama mbele ya watu nikasema tunamtafuta Kanyere Bénite, wa miaka tisa, wa Mambasa, aliyepotea kwa sababu ya hitilafu ya mashine. Wakasimama akina Kanyere watano. Godelive alipita mbele yao akiwatazama mmoja mmoja, akarudi. Alinitazama tu. Jumapili, katika misa ya kwanza, nilisema kulitokea makosa ofisini. Walisimama saba. Akapita tena, akarudi, akanitazama vile vile.

Kanisa la tatu, Jumapili hiyo hiyo, lilikuwa la Waprotestanti, la mabati, limejaa wakimbizi mpaka nje. Nikaitwa mbele. Nikasema: "Ninaitwa Kambale Eliezer, wa Butembo. Tunamtafuta Kanyere Bénite, mtoto wa mama huyu. Aliandikwa vizuri hapa Beni. Aliyempoteza ni mimi, kwa kujivuna kwangu. Kama yuko humu, asimame."

Wakasimama wasichana wanane. Godelive alianza kupita. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilimwona anavyotazama, na jinsi mabega yanavyoshuka kila mara. Alimaliza wa nane. Akageuka kurudi kwangu.

Halafu akasimama. Karibu na dirisha kulikuwa na msichana ambaye hakuinuka. Alikuwa ameketi ametupa mgongo, akichezea uzi wa gauni. Godelive aliona shingo yake tu, na ilimtosha. Hakuita jina. Alikwenda akapiga magoti nyuma yake, akamwekea mkono kisogoni.

Mtoto aligeuka. Alitazama muda mrefu, kama anayehesabu.

"Mama? Njo weye?"

"Njo mimi."

"Kila dimanche, kila siku ya kusali, banaita Kanyere," akasema. "Ninasimama, banasema hapana weye, ni mwingine. Njo niliacha kusimama."

Hapo kanisa zima lililia, wanaume kwa wanawake, na wale wasichana wanane waliokuwa bado wamesimama walilia kuliko wote, maana wao hakuna aliyewashika. Bénite alimng'ang'ania mama yake shingoni. Kisha akauliza swali nililokuwa nikiliogopa tangu Lubero.

"Juu ya nini ulikawia hivi?"

Nilisogea mbele. Nilitaka kusema mwenyewe. Angalau hilo nilikuwa nimejifunza. Lakini Godelive aliinua mkono nyuma ya mgongo wa mtoto, kiganja wazi kikinielekea, akanizuia.

"Nilipoteaka njia," akamwambia.

"Na ule papa ni nani?"

"Ni fundi. Njo alinisindikiza."

Nilikuwa tayari kutukanwa. Nilikuwa tayari kupigwa, na nilikuwa nimeshakubali. Kwa hilo sikuwa tayari. Nilitoka nje, nikasimama karibu na baiskeli za waumini, nikalia mpaka wimbo wa mwisho ukaisha na watu wakaanza kutoka.